Kikapu cha Mama na Chupa ya Soda

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sawa. Lakini nakuuliza, ndugu msomaji, mchezaji ambaye tangu alfajiri hajatia kitu tumboni anatunzwa kwa kupigiwa makofi?

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISETA ukifika, hapa kwetu Nyabiyonza, Karagwe, mambo huwa moto. Vijana wanashuka vilima kwa miguu, jezi mkononi. Akina mama wanakuja na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao. Pembeni ya uwanja kuna soda, biskuti, pipi na barafu za rangi. Mtoto akifunga goli, baba anaita kwa sauti ili kila mtu asikie: "Mpeni soda huyo!"

Mdogo wangu wa kike ni mfungaji wa netiboli. Siku moja aliondoka nyumbani na chai ya rangi tu, akatembea karibu saa mbili mpaka uwanjani. Kipindi cha kwanza aliruka kama swala. Mapumziko akanywa soda. Kipindi cha pili miguu ikaanza kutetemeka, mpira ukawa unamponyoka, mwisho akakaa chini. Basi watu wakaanza: wale wenzetu wamekuja na mganga! Mganga gani, jamani? Ile ilikuwa njaa.

Na nyumbani kulikuwa na sufuria ya ndizi na maharage! Jioni nikamuuliza mama kwa nini hakubeba. Akaniangalia kwanza, halafu akasema, "Mwanangu, nifungue jani la mgomba mbele za watu? Watasema sina hata hela ya kumnunulia mtoto soda."

Nilikosa la kujibu. Chakula tunacho, tunakionea haya.

Tuiangalie basi hiyo soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko vya chai 9 hivi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko 6 kwa siku. Chupa moja imeshapita! Na ndani yake hakuna protini hata chembe.

Sasa njoo shambani kwetu. Ndizi ina wanga wa kutia nguvu na madini ya potasiamu. Maharage na karanga vina protini ya kujenga misuli. Mchezaji ale mlo wake kamili saa tatu hivi kabla ya mchezo, na ikikaribia saa ya kuingia aongeze ndizi mbivu moja. Mapumziko apate maji yaliyochemshwa na kipande cha chungwa. Baada ya mechi ale tena maharage, au yai, au maziwa yaliyochemshwa.

Tusimsahau yule wa mgongoni, anayenyamazishwa kwa biskuti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba hapa Kagera watoto 4 hivi katika kila 10 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mkoa uliojaa migomba! Ndizi peke yake hujaza tumbo tu. Inataka maharage, dagaa na mboga za majani pembeni yake.

Mwaka uliofuata mama alikubali kubeba kikapu. Lakini alikifunika kwa kitenge, akakaa peke yake nyuma ya watu. Watoto wa timu walinusa, wakamfuata huko huko. Sufuria ilirudi nyumbani tupu. Hata hivyo kitenge hakukitoa mpaka leo. Kila mechi anafunika.

Mimi nina ndoto ya kuandika riwaya, na siku moja nitamwandika mama huyu. Kwa sasa nawaomba wazazi wetu jambo moja dogo: mkija uwanjani, funueni vikapu. Akifunua mmoja, wa pili hatakuwa na aibu. Na yule anayecheka ndizi za mwenzake, mkaribisheni naye ale, kwa kuwa mwanawe pia yumo uwanjani na ana njaa.