Themanini ya Baba

Pikipiki ya baba ilikuwa nyekundu, mali ya serikali, na ubavuni mwa tanki iliandikwa namba ya ofisi kwa rangi nyeupe iliyopakwa kwa mkono. Baba alikuwa bwana shamba, na enzi zile bwana shamba alisikika kabla hajaonekana: kwanza mlio wa injini ya mafuta ya kuchanganya, kama mtu anayekaanga bisi kwenye sufuria yenye mfuniko, halafu moshi wa bluu, halafu mbwa, halafu watoto. Mimi nilipakiwa mbele yake, juu ya tanki, hadi magoti yaliponizidi nikahamishiwa nyuma, na kwa miaka yote ile ya kukaa mbele sikuiona barabara hata kidogo. Nilikuwa naangalia mshale.

Siku hizi pikipiki haisikiki ikija. Zimejaa. Moja inameza sauti ya nyingine.

Mshale ule ulikaa ndani ya kioo cha mviringo chenye vumbi upande wa ndani, ambalo wakati wa masika liligeuka ukungu, na kamwe haukutulia: ulitetemeka baina ya 40 na 60 kama mkono wa mzee anayepokea kikombe cha chai, na usiku ulimulikwa na kitaa cha kijani kisichozidi mwanga wa kimulimuli. Shuleni tuliupima ukubwa wa wazazi wetu kwa huo. Baba wa fulani anafika 70, wangu 80, na mjomba wangu aliapa kwamba aliwahi kuimaliza Chalinze hadi Morogoro kwa 120, juu ya pikipiki ambayo hata ukiisukumia mteremko wa Kitonga isingefika huko. Tulimwamini. Mshale ulisema.

Aliyeniharibia starehe hiyo ni baba mwenyewe. Tulikuwa kwenye lami ya kuelekea Dodoma, asubuhi, barabara tupu, mshale umekaa kwenye 80, akaniambia nipige kelele kila tukipita nguzo ya kilomita. Ya kwanza nikapiga: "Sasa!" Akageuza mkono kuitazama saa yake, ile ya kujazwa kila asubuhi. Ya pili: "Sasa!" Tulipopumzika chini ya mbuyu alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja: sekunde 50. Saa moja ina sekunde 3,600. Akagawanya, akanionyesha: 72.

"Themanini ni ya kwenye kioo," alisema. "Ya barabarani ni sabini na mbili."

Nililia. Si kwa uchungu wa hesabu, bali kwa sababu kesho yake nilikuwa na watu wa kuwakabili.

Ukweli wa jambo lenyewe nilikuja kuuona kwa fundi, waya wa spidi ulipokatika. Mwembeni kwake, juu ya gunia lililolowa grisi, alikifungua kile kioo nikategemea kukuta mtambo, nikakuta vitu vichache vya kusikitisha: waya unaozungushwa na gurudumu la mbele unazungusha sumaku; sumaku iko ndani ya kikombe cha aluminiamu lakini haikigusi; kwa kuzunguka tu inakivuta kikombe kiifuate, na kikombe kinazuiwa na springi nyembamba kama ya saa. Mshale umepandikizwa kwenye mhimili wa kikombe. Basi. Mtindo huo Mjerumani Otto Schulze aliupatia hataza mwaka 1902, na miongo mingi baadaye bado ulikuwa ukitutikisikia mbele ya pua. Sumaku ikizeeka, mshale unapungukiwa. Springi ikilegea, unazidisha. Yaani mwendo tuliokuwa tukitambiana shuleni ulikuwa mvutano wa sumaku na springi, vitu viwili visivyogusana.

Lakini chini ya mshale kulikuwa na dirisha dogo la tarakimu, ambazo watu waliendelea kuziita maili muda mrefu baada ya nchi kuhamia kilomita. Zile hazikujua sumaku wala springi. Zilizungushwa na meno ya gia, jino kwa jino, mzunguko kwa mzunguko. Ndani ya kioo kimoja waliishi ndugu wawili, mmoja mwenye makisio na mmoja mwenye daftari, na ofisi ilimwamini wa pili: kila Ijumaa baba alinakili tarakimu zile kwenye logibuku ili apate mafuta ya wiki inayofuata. Hata huyo naye alikuwa na udhaifu wake. Tairi likiisha meno linapungua unene, gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na tarakimu zinaongezeka. Milimita 5 zikiliwa kwenye tairi la kawaida, ni karibu asilimia 2. Baba aliniambia hili kwa kunong'ona, kana kwamba kipara cha tairi ni siri ya serikali.

Juzi nimepanda bodaboda. Mshale umelala kwenye sifuri. Tarakimu zimegandia kwenye kilomita elfu kumi na nane, umri wa pikipiki changa, huku cheni inalia kizee.

"Waya umekatika?" nikamuuliza kijana.

"Zamani, mzee. Wa nini sasa?"

Akanionyesha simu iliyofungwa kwenye usukani. Pembeni ya ramani kuna namba ndogo. Hiyo ndiyo spidi yake. Inatoka mbinguni.

Nami ninayo simu. Niliitumia kuipima pikipiki mpya ya mdogo wangu, isiyo na mshale, yenye tarakimu zinazong'aa na kihisio kinachohesabu mizunguko bila waya wa kuzunguka. Nilitarajia ukweli mtupu. Kioo kilisema 60, simu ikasema 55. Kumbe hata kizazi hiki kinazidisha, na si kwa kushindwa kuhesabu, bali kwa kukusudia. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi za Ulaya, hairuhusu kioo kionyeshe pungufu ya mwendo halisi hata kidogo, ila kuzidisha inaruhusu: sehemu ya kumi ya mwendo, na kwa pikipiki kilomita 8 juu yake. Ukienda 80 za kweli, kioo kinaweza kusema mpaka 96 na kisiwe na kosa. Mtengenezaji hajui utavaa tairi gani wala utalivaa mpaka liishe vipi, kwa hiyo anaegemea upande ambao hautakuua. Hata simu haikuzaliwa mkweli: Wamarekani wenye setilaiti walikuwa wakiwapa raia ishara iliyovurugwa makusudi, wakaacha Mei 2000.

Kwa hiyo nimebaki na hesabu mbili. Ya kwanza ni faida, na siikatai. Kijana huyu anajua mwendo wake kuliko baba alivyoujua wake, na hahitaji saa, nguzo, wala mtoto wa kupiga kelele. Trafiki akimpiga tochi, namba ya tochi na ya simu zitalingana, na ubishi utaisha hapo. Ya pili ni ile nane ya baba. Aliiona 80 kwenye kioo, akaogopa kama mtu wa 80, akafunga breki mapema kama mtu wa 80, na punda alipokatiza ghafla alikuwa wa 72. Nane zile hazikuandikwa kwenye logibuku yoyote. Kijana hana nane. Penye kibao cha 50 anaisoma 50 kamili, anaitumia yote hadi senti ya mwisho, na mara nyingi anaazima.

Wala simsingizii baba ucha Mungu wa barabarani. Angekuwa na simu, angeitumia.

Tulitoka mjini, lami ikanyooka, namba ikapanda: 63, 68, 71. Upepo ulinitoa machozi kwenye jicho la kushoto, palepale ulipokuwa ukinitoa zamani, na nikajua ni sabini na kidogo kabla sijachungulia. 72. Nguzo ya kilomita ikatokea kushoto, nyeupe, imekwanguliwa na magari, nikajikuta nimepaza sauti:

"Sasa!"

Kijana akafunga breki, akaweka mguu chini, akanigeukia.

"Unashukia hapa, mzee?"