Gari Likisimama Halina Ugonjwa

Kwa muda wa miezi mitatu niliwafundisha wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili kwamba kutangulia si kusababisha, na kwa miezi hiyo hiyo mitatu niliwalipa mafundi kwa kuamini kinyume chake. Siandiki haya ili kumchekesha msomaji. Nayaandika kwa sababu katika ujinga huo nilimdhulumu mtu, na kwa sababu ujinga wa namna hiyo naukuta kila siku katika taarifa tunazoziandika maofisini na vyuoni.

Ninalo gari la kimichezo, Toyota Altezza, lenye injini ya lita mbili na gia sita za mkono. Ni anasa yangu pekee, na wenzangu hawajaacha kunitania kwayo. Kila mwezi huliendesha kutoka Morogoro hadi Mikumi kuwakagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, kisha hupinda kaskazini kwenda Kilosa kumjulia hali mama. Siku moja, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, katika zile kilomita 50 ambazo barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua mbuga, nilianza kulipita lori. Nilipofika ubavuni mwake, gari langu likaishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho; injini ikaguna tu. Mbele yangu basi lilikuwa linakuja, limewasha taa. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alikanyaga breki akaniachia nafasi. Nilisimama pembeni nikitetemeka, nikajifungia ndani kwa kuhofia wanyama. Baada ya nusu saa niliwasha gari, likaenda kana kwamba hakuna lililotokea.

Fundi wa kwanza, mjini Morogoro, alibadili plagi. Gari likapona kwa wiki mbili. Wa pili alilipima kwa kompyuta. Kompyuta haikuonyesha hitilafu yoyote, lakini kwa kuwa mteja hapendi kurudi mikono mitupu, akabadili koili na kusafisha sensa ya hewa. Likapona tena, safari hiyo kwa wiki tatu. Kila lilipopona nilimsifu fundi. Kila lilipougua nilitafuta mwingine. Sikujiuliza kwa nini halikuwahi kuishiwa nguvu mjini hata mara moja.

Wa tatu alikuwa kijana wa Kilosa, wa umri wa wanafunzi wangu. Aliishusha pampu ya mafuta, akaisafisha, akairudisha. Nilijaza tangi nikashika njia ya Mikumi. Nilipokwisha kuipita Ulaya, nguvu zikakatika. Nilirudi Kilosa nimefura kwa hasira, nikamwambia mbele ya watu kwamba ameichukua pampu yangu na kuniwekea mbovu. Nilitumia neno mwizi. Msomaji anajua uzito wa neno hilo katika mitaa yetu. Wapo waliouawa kwa ajili yake kabla hajatokea wa kuuliza ushahidi. Kwa bahati, waliokuwepo walimfahamu kijana yule. Naye hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, pampu ni ile ile. Twende wote barabarani, likianza kuchoka nilione." Nikamjibu kwamba sina muda wa kumfundisha kazi.

Siku ya pili nilifika Mikumi kwa kusuasua, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Hakugusa boneti. Aliuliza tu: linaanza baada ya mwendo gani? Asubuhi au mchana? Tangi likiwa limejaa au limepungua? Swali la mwisho lilinishtua, kwani nilikumbuka kwamba karibu kila mara ilikuwa baada ya kujaza. Akaniagiza nijaze, akaketi kando yangu, tukashika njia ya Kilosa. Baada ya mwendo mrefu nguvu zikaanza kupungua. "Simama. Usizime." Akashuka, akazunguka nyuma, akafungua mfuniko wa tangi. Hewa ikaingia kwa mluzi mrefu, kama pumzi ya mtu aliyekuwa amezibwa mdomo. "Endesha," akasema. Likaenda.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Tangi linapotoa petroli, sharti liingize hewa mahali pake. Nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo katika mpira wa kupumulia, na mfuniko niliounua baada ya kupoteza ule wa awali haukuwa na vali ya kuingiza hewa. Katika mwendo mrefu pampu ilishindana na ombwe hadi ikashindwa. Na tangi likijaa, nafasi ya hewa huwa ndogo, hivyo ombwe huja upesi. Gari likiegeshwa, hewa ilipenya polepole. Kila fundi alilipokea likiwa limepumzika na kulirudisha likiwa limepumzika. Mapumziko ndiyo yaliyolitibu. Sifa zikaenda kwa plagi.

Kilosa yenyewe inalijua somo hili. Kipande cha Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe kinafuatana na Mto Mkondoa, na mafuriko yamekikata mara nyingi. Yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisimamisha treni kwa miezi. Nenda ukakague tuta hilo mwezi wa Septemba, jua likiwaka, uandike kwamba ni zima. Taarifa yako itakuwa ya kweli, kwa Septemba.

Ndivyo tunavyokagua zahanati siku ambayo ujio wa mgeni umetangazwa wiki nzima kabla. Ndivyo tunavyombadilisha mkuu wa idara kama plagi, na mambo yakitulia kwa msimu mmoja tunatangaza kwamba mageuzi yamefaulu. Hatuulizi kama yametulia kwa sababu ya tulichokifanya au kwa sababu mzigo ulikuwa mwepesi. Na aliye karibu zaidi na hitilafu, awe muuguzi, karani au mwanafunzi, anapotuambia "twende wote barabarani", tunamwona mkaidi. Sikatai kwamba wezi na wazembe wapo. Washikwe, lakini kwa ushahidi, na ushahidi wa hitilafu inayokuja na kuondoka haupatikani gari likiwa limesimama.

Nilirudi Kilosa wiki hiyo hiyo. Nilimwomba radhi kijana yule pale pale gerejini, kwa sauti ile ile niliyomtukania, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. "Yamekwisha, mzee," alisema. Kisha akauliza, "Lakini ilikuwa nini?" Nilipoanza kueleza aliinua mkono ninyamaze, akachuchumaa nyuma ya gari, akaanza kuutafuta mwenyewe ule mpira.