Rusumo, Mlango wa Nchi Tatu

Mto Ruvubu watoka katika milima ya Burundi, na Mto Akagera waleta maji ya Rwanda. Mito hii miwili hukutana kwenye mpaka wa Tanzania, na baada ya mwendo mfupi maji yote huingia katika njia nyembamba ya majabali, yakaanguka kiasi cha mita 15. Hapo ndipo Rusumo. Ng'ambo moja ni Wilaya ya Ngara, ng'ambo ya pili ni Rwanda, na mpaka wa Burundi hauko mbali.

Kwa kuwa mto hapo ni mwembamba, tangu zamani watu wamepafanya mlango. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa njia hiyo, na katika vita vya mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani hapo.

Lakini mlango hauchagui apitaye. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24. Wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, na vijana waliojitwika magodoro, wote walipita katika daraja lile moja jembamba. Huko Benaco, upande wa Ngara, pakazuka mji mzima wa maturubai. Chini ya daraja mto ulichukua maiti nyingi, nyingine zikafika hata Ziwa Viktoria.

Siku hizi mambo ni mengine. Daraja jipya limefunguliwa. Zamani malori yalingojana, kwa kuwa daraja lilitosha gari moja tu, sasa hupishana. Maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja, hata dereva husimama mara moja badala ya mara mbili.

Jambo kubwa zaidi ni umeme. Burundi, Rwanda na Tanzania zilijenga mtambo mmoja kwenye maporomoko hayo, ukaanza kutoa umeme mwaka 2023. Nguvu yake ni megawati 80, nao hugawanywa sawasawa kwa nchi tatu.

Maji hayo ndiyo yaliyobeba msiba wa mwaka 1994, na hayo hayo sasa yawasha taa. Mto haukubadilika; waliobadilika ni majirani, walioona kwamba hakuna hata mmoja awezaye kusema, "Maji haya ni yangu peke yangu."