PRODYUZA WA MIONO ALIVYOZIBA KELELE ZA KOMPYUTA, JOTO LIKAMUUMBUA

Kuna kijana mmoja pale Miono, jina liwekwe kando, wasanii wachanga wa maeneo yale wote wanamjua. Ana miaka 24, kamaliza form four, biti kajifundisha mwenyewe kwa video za YouTube kwenye simu. Studio yake ni chumba kimoja cha uani nyumbani kwa dada yake. Tofali za saruji, bati juu, dari hakuna. Programu ni ile ile ya vijana wengi, FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops.

Kompyuta ni ya mezani, mtumba wa Kariakoo, laki sita. Na hapa ndipo stori inapoanzia, maana laki sita haikuwa yake. Dada yake, anayeuza supu na chapati asubuhi, alikopa kwenye kikoba akampa. Makubaliano yalikuwa mepesi tu: kila Jumapili mdogo mtu anamkabidhi dada 25,000, dada anapeleka marejesho kwenye kikao. Wanawake wa kikoba hawana utani na hela yao, hilo kila mtu analijua.

Mwanzo mambo yakaenda. Shida ikawa feni. Kompyuta ya mtumba ikishakula vumbi la miezi mitatu inaunguruma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Maiki yake nayo ni ya kondensa, zile zinazosikia mpaka jogoo wa jirani, halafu ilikuwa imesimama hatua mbili tu kutoka mezani.

Akaja dada mmoja muimbaji kutoka Msata. Sauti anayo kweli kweli. Katanguliza 80,000, anataka wimbo uwe tayari mapema, ana ndoto ya kupanda jukwaani siku moja kwenye tamasha la TaSUBa kule Bagamoyo. Akaingiza sauti, wimbo ukatumwa Dar kwa jamaa wa kumalizia masta. Siku ya pili jamaa karudisha ujumbe wa sauti: "Wimbo mkali, ila nyuma kuna upepo. Mlirekodia kwenye basi?"

Kwa wasiojua, iko hivi. Sauti ya mtu ikipitishwa kwenye kompresa, palipo juu panashushwa, kisha vyote vinanyanyuliwa pamoja. Kwa hiyo ile feni iliyokuwa inanong'ona wakati wa kurekodi, kwenye masta inakuja mbele na kukaa karibu na muimbaji.

Ule ujumbe ukasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Watu wakacheka wiki nzima. Wakampa na jina, "Prodyuza wa Basi".

Kijana akachukia. Akachukua kabati la zamani la vyombo la dada yake, akalibandika vipande vya godoro na trei za mayai ndani pande zote, akaingiza kompyuta humo, akafunga mlango. Tundu likabaki moja, la kupitisha nyaya. Akawasha. Kimya! Usiku huo akaweka status: "Studio kimya kama kaburi, wenye wivu wajinyonge."

Sasa trei za mayai hazizuii sauti, vijana wengi wanadanganyana hapo. Godoro lililofunga pande zote kidogo linazuia kelele, ila linazuia na hewa. Kompyuta ya mezani ikiwa kazini inaweza kula wati 100 na zaidi, na karibu zote zinaishia kuwa joto. Ni sawa na kuwasha taa ya zamani ya wati 100 ndani ya kabati lililojaa godoro, halafu ukafunga mlango.

Januari hiyo, pwani, saa nane mchana, chini ya bati. Dada wa Msata karudi kuingiza sauti upya. Saa moja ya kwanza freshi. Saa ya pili biti ikaanza kwikwi, inakatika, inarudi. Prosesa ikizidiwa na joto inajipunguza kasi yenyewe ili isife, ndiyo ile kwikwi. Kijana akadhani ni programu, akaendelea. Muimbaji alikuwa katikati ya ubeti wa pili, ule wa kumuimbia mama yake, ndipo kioo kikawa cheusi. Kabati likatoa harufu ya waya ulioungua.

Haikuwaka tena. Na hakuwa ameseivu.

Hapo mtu mwingine angesema ukweli. Yeye akanyamaza. Muimbaji akaambiwa umeme unasumbua, arudi wiki ijayo. Dada naye akiuliza habari za kazi, anajibiwa, "Zipo dada, tunapambana." Jumapili ya kwanza akauza hedifoni, 25,000 ikapatikana. Ya pili akakopa kwa mshkaji wake wa boda. Ya tatu akakopa kwenye simu. Ya nne akamkopa mwenye duka ili alipe ile ya kwenye simu na marejesho yapatikane.

Kibaya zaidi, kila usiku alikuwa anaingia studio, anafunga mlango, anapiga biti zake za zamani kwa simu kupitia spika, ili dada akiwa ndani aseme mdogo wangu yuko kazini. Mpaka saa sita usiku, amekaa kwenye kiti, mbele ya kioo cheusi.

Wiki ya tano dada wa Msata akachoka kuzungushwa. Akapanda boda mpaka kwenye meza ya chapati, akaagiza supu, akasalimia vizuri, halafu akauliza, "Hivi da'mkubwa, kompyuta ya kaka bado haijapona tu?"

Dada hakupiga kelele. Kahudumia wateja wote mpaka supu ikaisha, kaosha sufuria, karudi nyumbani. Kaingia chumba cha uani, kafungua kabati. Lilikuwa bado linanuka.

"Wiki ngapi?"

"Tano, dada."

"Na hela za Jumapili ulikuwa unatoa wapi?"

Kijana akainamisha kichwa.

"Mdogo wangu, ungeniambia siku ile ile ningekugombeza, ningelala, kesho yake tungetafuta fundi. Sasa una madeni ya watu wawili na simu juu yake, na mashine haiwaki. Umenificha nini sasa?"

Kesho yake wakaenda pamoja kwa mzee mmoja fundi redio. Shikamoo mzee, marahaba, weka hapo. Kuifungua tu, feni ina vumbi zito kama blanketi. Pesti ya prosesa, ile inayopeleka joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kupoozea, imekauka kama chaki. Pawa saplai ndiyo iliyoungua. Prosesa yenyewe nzima, maana nyingi zimetengenezwa zijizime kabla hazijaungua, joto likishakaribia nyuzi 100. Bili yote, vifaa na ufundi, 75,000.

Mzee alisema neno moja tu wakati anafunga skrubu: "Feni ilikuwa inalia kwa sababu imezidiwa. Wewe badala ya kuuliza inalia nini, umeiziba mdomo."

Dada akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama chini.

Sasa kwa wenye studio za chumbani, hivi ndivyo alivyorekebisha, na hakuna kifaa cha bei kubwa hapo.

Kwanza, kompyuta imehama chumba. Ukutani kumetobolewa tundu, kompyuta iko upande wa pili, kwenye korido ya dada, juu ya stuli ili isivute vumbi la sakafuni, na haijasogezwa ukutani kabisa, inapumua. Kioo, kibodi na kadi ya sauti vimebaki studio. Waya wa USB wa kawaida usizidi mita 5, ukizidi mambo yanaanza kugoma. Tundu limezibwa kwa matambara kuzunguka nyaya.

Pili, maiki imegeuzwa. Maiki nyingi za studio zinasikia vizuri mbele na ni nusu kiziwi kwa nyuma, kwa hiyo mgongo wake unaangalia kule kelele inakotoka. Yale magodoro yametolewa kabatini yakatundikwa nyuma ya muimbaji, yanameza mwangwi. Hiyo ndiyo kazi wanayoiweza.

Tatu, mashine haibebeshwi mzigo bure. Biti ikikamilika anaigeuza faili moja la WAV, anafungua mradi mpya mwepesi wa kuingizia sauti. Prosesa inapumzika, joto linashuka, feni inapunguza mbio yenyewe.

Nne, vumbi linapulizwa kila mwisho wa mwezi kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imechomolewa, na ameacha kurekodi saa nane mchana. Wenye mkwanja wanaweza kununua kompyuta isiyo na feni kabisa, kama MacBook Air za M1 zilizotoka 2020. Wa kitaa tubu ukuta, mwanangu.

Dada wa Msata alirudi akaingiza sauti saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo hawajachachamaa. Ubeti wa mama aliimba mara mbili tu. Jamaa wa Dar safari hii kaandika neno moja, "Safi". Wa boda kashalipwa, mwenye duka bado anadai kidogo, simu inakatwa taratibu.

Kuhusu korido, dada alikubali kwa sharti. Feni ikiunguruma usiku yeye anaisikia kutoka kitandani, anajua mdogo wake yuko kazini kweli. Wiki iliyopita, saa tano usiku, ikanyamaza ghafla. Dada akaamka, akajifunga kanga, akaenda kugonga mlango wa uani.

"Vipi, imekufa tena?"

"Hapana dada, nimeizima mwenyewe. Nimekosa kazi wiki hii. Jumapili nina elfu kumi tu."

Dada akasimama kidogo pale mlangoni. "Haya. Kalale, kesho tutaongea." Na kesho yake wakaongea.

Mdau, wewe ni kitu gani umekizibia kabatini saa hizi na kinachemka humo ndani? Na kama una studio ya chumbani, kelele za feni unazimaliza vipi? Tupia komenti hapo chini, wenzio wajifunze.