Nyama ya Korintho

Mpwa wangu mpendwa,

Unasema wenzako chuoni wamekuwekea njia mbili: ama ushike imani yako uonekane mkali, ama uwapende watu wote na uache kusema kwamba Kristo ndiye njia. Mimi naona njia hizo wamezitunga wao. Chukua Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, uusome wote kwa kikao kimoja, si kwa kudonoa mistari kama tulivyozoea.

Korintho ulikuwa mji wa mahekalu, na baadhi ya nyama iliyouzwa sokoni ilikuwa imepitia madhabahuni kwanza. Waumini wakagombana kama ni halali kuila. Tazama jinsi Paulo anavyoamua. Nyama ya sokoni, nunua ule bila kuulizauliza. Asiyeamini akikualika, nenda, kula utakachotengewa. Ndugu mwenye dhamiri dhaifu akikwazika, iache kwa ajili yake. Ila kushiriki meza ya ibada ya sanamu, hapana. Halafu, sura chache mbele, anafika kwenye ufufuo, na hapo halegezi hata kidogo: ufufuo ukiondolewa, kwake hakuna tena cha kuhubiri. Ni mtu yuleyule, katika barua ileile. Upole wake mezani haukutokana na kuyumba. Alijua sanamu si kitu, ndiyo maana nyama haikumtisha. Mwenye wasiwasi na imani yake ndiye anayeona hatari katika kila sahani.

Usidhani hayo ni ya kale tu. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa ulifika hadi mchungaji kuuawa. Wapo watakaokuambia kwamba kumwachia Mwislamu kisu ni kusalimu amri. Sioni hivyo. Mkristo hana sharti la mchinjaji, jirani yake analo; asiye na sharti ndiye mwenye nafasi ya kupisha. Lakini hapa wana hoja moja ya haki: kupisha ni upendo pale tu unapopisha kwa hiari. Anayelazimishwa kwa panga hajapisha, na Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya Tanzania inamlinda kila mtu katika imani yake, hata akitaka kubadili dini.

Wenzako nao watasema kwamba kumkiri Kristo peke yake ni kuwadharau wengine. Mbona Mwislamu mcha Mungu anaamini kabisa kuwa umekosea kuhusu Uungu wa Yesu, na siku ya Idi anakuletea pilau? Hajakudharau. Angekudharau kama angeona imani yako haistahili hata kubishiwa, na huo ndio ubaya wa uvumilivu wa kusema dini zote ni sawa: haumsikilizi yeyote.

Mtazame Paulo tena: Athene ilimchoma moyo kwa wingi wa sanamu zake, lakini pale Areopago hakuanza kwa matusi. Alianzia kwenye madhabahu yao wenyewe ya Mungu asiyejulikana. Alipotaja ufufuo, wengine walimdhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena siku nyingine. Hakufuta neno, wala hakuwafokea. Nawe ukiulizwa habari za Kristo, jibu bila kumung'unya maneno. Wakikucheka, bado mnaweza kwenda kula pamoja kantini.

Mjomba wako