Usijaribie shamba zima: somo nililolipata kwenye kompyuta ya stoo

Leo naweka pembeni viwavijeshi na mbolea, nizungumzie kompyuta. Usiondoke. Kama unapeleka mazao kwenye stoo ya kikundi inayolipa kwa simu, jambo hili linakuhusu hata kama hujawahi kugusa kompyuta.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kina stoo hapa Kihonda na kituo cha kununulia mpunga Dakawa. Karani wa Dakawa anapima, anaingiza kilo kwenye kompyuta yake, kumbukumbu inafika Kihonda, mhasibu anaiona ndipo anamlipa mkulima. Haruhusiwi kulipa kwa kupigiwa simu tu, na utaratibu huo ni mzuri, maana unazuia wizi.

Kumbukumbu hizo zinapita kwenye intaneti, barabara ya watu wote. Ili zisisomwe wala kubadilishwa njiani tunatumia VPN. Ni kama kusafirisha daftari ndani ya sanduku lenye kufuli, ambalo funguo zake ziko Dakawa na Kihonda tu. Halafu upande wa Kihonda kuna faiwoli, yaani mlinzi wa getini: anaangalia kinachoingia na kinachotoka, na asiyemtambua hapiti. Faiwoli yetu ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kusoma jinsi ilivyoandikwa. Tuliipata bure tukaiweka kwenye kompyuta kuukuu, na kwa kuwa mimi najua kidogo mambo haya, kazi ya kuitunza iliniangukia.

Msimu uliopita, asubuhi ya siku ya kununua, niliona toleo jipya limetoka. Maelezo yalisema linaziba mianya ya usalama, na kwamba kuna mabadiliko kwenye VPN. Nikabonyeza. Mashine ikazima, ikawaka, alama ya VPN ikawa kijani. Nikapanda pikipiki kwenda kukagua vitalu.

Saa nne karani akapiga simu: kilo hazifiki. Toleo jipya lilikuwa limehamishia ruhusa za VPN sehemu nyingine, na ruhusa zetu za zamani hazikuhamia huko. Barabara ilikuwa wazi, lakini mlinzi alirudisha kila mzigo. Nililigundua hilo jioni.

Mama mmoja alikuwa ameleta magunia sita. Alihitaji hela siku ile ile kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa. Alisubiri hadi saa nane, kisha akamuuzia mlanguzi aliyekuwa nje ya geti, kwa bei ya mlanguzi na kwa lumbesa. Hakunilaumu. Hakujua kwamba aliyebonyeza ni mimi.

Mimi ndiye ninayewaambia kila msimu: mbegu mpya usiipande shamba zima, anza na kipande, ilinganishe na SARO 5 uliyoizoea. Kwenye kompyuta sikufuata maneno yangu mwenyewe.

Baada ya siku ile nilitaka nisiguse toleo jipya lolote tena. Hilo nalo ni kosa. Faiwoli isiyosasishwa ni kama ghala lenye tundu ambalo panya wameshalijua. Kinachotakiwa ni kujaribu kwanza.

Hata wataalamu wakubwa yamewakuta. Februari 2021 faiwoli huria iitwayo pfSense ilitoa toleo la 2.5.0 likiwa na VPN mpya aina ya WireGuard. Msimbo huo ulikuwa pia umepangwa kuingia kwenye FreeBSD 13.0, mfumo ambao pfSense imejengwa juu yake. Jason Donenfeld, mwanzilishi wa WireGuard, alipousoma alikuta kasoro nyingi. Mojawapo ilikuwa sehemu za ukaguzi zilizojibu "sawa" bila kukagua chochote. Fikiria mtu wa mizani anayesema "sawa" bila kutazama mshale. Machi 2021 msimbo ule uliondolewa FreeBSD, na pfSense 2.5.1 ikatoka Aprili bila WireGuard. Kwa hiyo kutolewa na watu wenye jina hakukutoshi. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine waliweza kuusoma na kuona kasoro.

Msimu huu lilipotoka toleo jingine nilifanya hivi. Mwenye duka la pembejeo lenye tawi anaweza kumwonyesha kijana wake wa kompyuta:

1. Nilihifadhi nakala ya mipangilio yote kwenye flashi mbili. Moja nilimpa mwenyekiti akae nayo nyumbani.

2. Nilisoma maelezo ya toleo jipya mpaka mwisho, nikaandika kila mstari uliotaja VPN.

3. Niliazima kompyuta nyingine kuukuu, nikaiwekea toleo jipya na mipangilio yetu. Laptopu iliyounganishwa na intaneti ya simu ikawa ndiyo "Dakawa". Hiyo meza ikawa shamba darasa.

4. Sikuamini alama ya kijani. Nilituma risiti ya kilo moja ya majaribio, ikafika. Kisha nikatuma picha ya hati ya mzigo, ikakwama. Kumbe vifurushi vidogo vya data vilipita lakini vikubwa vilikuwa vinazidi kipimo cha njia. Nikapunguza ukubwa wa kifurushi kwenye mipangilio ya VPN, picha ikapita. Bila meza ile, hilo lingetokea mbele ya foleni ya wakulima.

5. Nilichomoa umeme makusudi, maana kwetu umeme unakatika. Je, VPN inarudi yenyewe? Ilirudi.

6. Nilijaribu kuingia kwa ufunguo usio sahihi. Ilinikatalia. Mlinzi anayeruhusu kila mtu naye ni mbovu, hata kama kazi inaendelea.

7. Tulichagua siku isiyo na ununuzi, karani akiwa Dakawa na simu mkononi. Tukakubaliana mapema: saa moja ikipita bila kufanikiwa, tunarudisha toleo la zamani na nakala yetu. Hakuna ubishi.

Na daftari la karatasi lenye nakala mbili likarudi mezani Dakawa. Sasa mashine ikigoma, mwenyekiti na mhasibu wanaweza kusaini malipo ya dharura kwa pamoja. Tungekuwa na utaratibu huo mwaka jana, yule mama asingeuza kwa mlanguzi.

Jambo moja la kisheria. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo kama biashara yako inaunganisha matawi kwa VPN, ulizia TCRA taratibu za sasa, usisubiri kuulizwa wewe.

Wiki iliyopita nilimkuta yule mama Dakawa na magunia yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Bwana shamba, leo mashine inafanya kazi?" Nikamjibu inafanya. Ndipo nikamweleza kwamba mwaka jana ilikuwa mkono wangu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu, safari hii jaribu kwanza." Alilipwa kabla ya saa sita.

Ukiletewa kitu kipya, iwe mbegu, dawa au programu, uliza maswali mawili: kimejaribiwa wapi, na kikishindikana tunarudije? Asiyeweza kukujibu, usimpe shamba lako zima.

Tukutane shambani.