Maua yalinisuta Kitulo

Msomaji wangu, mwambie mtu wa Nachingwea kwamba unapanda basi siku mbili kwenda kutazama maua, atakushika paji la uso aone kama una homa. Kwetu ua halitazamwi, ua linahesabiwa. Mkorosho ukichanua, mwenye shamba anaona ada ya shule, bati na deni la dukani. Maua yakidondoka, navyo vimedondoka.

Mwenzenu yalinidondokea. Shamba letu liko upande wa Ruangwa, mama Salma aliachiwa na marehemu mama yake. Msimu ule mikorosho ilipoanza kuchanua, alinipa fedha nikanunue salfa, tupulizie kabla ubwiri unga haujaingia. Nusu ya fedha nikanunulia tairi la pikipiki. Nusu nyingine, nisiwafiche, iliishia kwenye nyama choma na marafiki. Nikajipa moyo kwamba wiki ijayo nitazirudisha. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Siku nilipofika shambani na mashine ya kuazima, maua yalikuwa yamepakwa unga mweupe na mengine yamekwisha kuwa meusi. Mwaka uliotangulia tulipata magunia kumi na moja. Mwaka huo, manne.

Nikajitetea: "Mama Salma, ardhi ya huku iliwashinda hata Waingereza na mradi wao wa karanga wa mwaka 1947, sembuse mimi?"

Akanikata jicho. "Karanga zao hazikuliwa na nyama choma."

Tangu siku hiyo mazungumzo ya nyumbani yakawa mawili tu: chakula kiko mezani, maji yako bafuni. Miezi mitano, jamani! Si mchezo.

Januari binti yetu, mwalimu kule Chimala, akajifungua. Bibi lazima aende, na babu akabebe mizigo. Tukapita Masasi, Tunduru, tukalala Songea, kesho yake Njombe, Makambako, hadi Chimala. Njia nzima kikapu cha korosho kilikaa kati yetu kama askari.

Mkwe wetu si mjinga. Aliona tunavyozungumza kupitia kwa kichanga: "Mwambie babu yako asogee." Siku ya tatu akasema kuna gari la rafiki yake linapanda Matamba, tukaione Kitulo, ndiyo kwanza maua yamechanua.

Mama Salma akaguna. "Maua? Maua si ndiyo yaliyotufikisha hapa?"

Lakini binti alikwisha mvalisha koti.

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba ina kona 57, na zile si kona za utani. Gari linakata kulia unaona bonde la Usangu liko chini ya miguu yako, likikata kushoto unaona mbingu. Kona ya ishirini mama Salma akanishika mkono. Nikanyamaza kimya nisije nikamzindua.

Huko juu, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, nikabaki mdomo wazi. Uwanda mzima wa majani, vilima vimelala, ukungu unatembea kama mtu, na maua kila unapotupa jicho: ya njano, ya zambarau, meupe, na mengine marefu mekundu yaliyosimama kama mienge. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Muongozaji akatueleza kwamba hifadhi hii, yenye kilomita za mraba 413 hivi, ilitangazwa mwaka 2005. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Huanza kuchanua mwishoni mwa Novemba, mvua zikishika, hadi Aprili.

Mama Salma hakuwa anasikiliza. Alikuwa amechuchumaa. Nilipomsogelea nikaona anainua ua moja kwa ncha ya kidole, analigeuza na kulichungulia chini. Akaenda la pili. La tatu. Nikajua anachotafuta. Miaka thelathini na moja ya ndoa, nimemwona akifanya hivyo chini ya mikorosho kila asubuhi ya msimu. Alikuwa anatafuta unga.

"Hayana," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno lisilo la chakula wala maji.

Akamuuliza muongozaji kama maua haya yana faida gani, maana mkulima ni mkulima. Kijana akamjibu kwamba yapo yaliyoponzwa na faida. Okidi zina viazi chini ya udongo, huitwa chikanda, na watu wamezichimba kwa magunia kuziuza Zambia, ambako huliwa. Ukichimba kiazi, mmea ndiyo umekwisha, hauchanui tena.

"Kwa hiyo wanakula ua," mama Salma akasema, akinitazama mimi.

Msomaji, hapo nilisutika kuliko kwenye kikao chochote cha wazee. Sikuwa na Waingereza wa kuwasingizia. Nikamwambia: "Mama Salma, salfa niliila mimi. Shamba la mama yako nimelikosea. Nisamehe."

Hakujibu upesi. Baridi ilikuwa kali, meno yangu yanagongana. Akavua khanga aliyojitanda juu ya koti, akanirushia begani. "Jifunike, usije ukanifia ugenini."

Tukateremka kona zote 57 tukibishana jina la mjukuu. Kikapu tulikiweka nyuma.

Juni iliyofuata salfa ilikuwa ndani ya nyumba kabla ua la kwanza halijatoka Ruangwa. Msidhani nilitumwa mimi. Fedha anashika mwenyewe, dukani anakwenda mwenyewe. Mimi nimeachiwa kubeba mashine.